Louis Leakey na Makumbusho ya Kuguswa: Kutoka Kibanda cha Kabete hadi Kioo cha Tarakilishi

Utangulizi

Jina la Leakey si geni masikioni mwa Wakenya. Wanafunzi hulikuta mapema katika vitabu vya historia, pale panapotajwa chimbuko la binadamu, Bonde la Ufa na Olduvai. Hata hivyo, wengi humkumbuka Louis Leakey kama mchimbaji wa mifupa tu. Ni wachache wanaomkumbuka kama msimamizi wa makumbusho, yaani mtu aliyelazimika kujiuliza kila siku jinsi kitu kilichochimbuliwa ardhini kinavyoweza kuzungumza na mtu asiyekuwapo kilipochimbuliwa. Makala haya yanamulika maisha yake kwa kuzingatia upande huo uliosahaulika.

Swali hilo lina uzito wa pekee katika zama hizi ambapo makumbusho ya sayansi ulimwenguni yanabuni maonyesho ya kidijitali: vioo vya kugusa, maumbo ya pande tatu yanayogeuzwa kwa kidole, na michezo inayomtaka mgeni atende badala ya kutazama tu. Kwa jijini Nairobi, swali hilo lina sura nyingine pia. Kibera na Kawangware ni mitaa iliyo chini ya kilomita kumi kutoka kilima yalipojengwa Makumbusho ya Kitaifa, ukipima kwa mstari ulionyoka. Kabete, alikozaliwa Leakey, iko kilomita chache tu kaskazini mwa Kawangware. Kwa hivyo maisha yake yote ya makumbusho yalizunguka katika eneo ambalo mwanafunzi wa mitaa hii analijua kwa miguu. Umbali uliobaki si wa kilomita. Ni umbali wa ada, wa lugha, na wa kuhisi kwamba mahali fulani ni pako au si pako.

Utoto wa Kabete

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika kituo cha misheni ya Kianglikana huko Kabete. Wazazi wake, Harry na Mary Leakey, walikuwa wamishenari kutoka Uingereza. Wakati huo Nairobi yenyewe ilikuwa haijatimiza hata miaka mitano tangu reli ilipofika mwaka 1899. Kusini-magharibi mwa mji huo mchanga, askari wa Kinubi waliotumikia jeshi la Uingereza walikuwa wakianza makazi yao msituni, katika ardhi ambayo leo ni Kibera. Kandokando ya Kabete na Dagoretti, Wakikuyu walikuwa wakiishi katika mashamba yao, na ni miongoni mwao mtoto huyu alikulia.

Louis alizungumza Kikuyu kama mwenyeji. Alicheza na watoto wa Kikuyu, akajifunza kwao kuwinda na kunasa ndege, akapitia jando pamoja na rika lake, na akapewa jina la Wakaruigi. Alipoingia ujanani aliomba ruhusa ya wazazi wake ajenge nyumba yake mwenyewe pembezoni mwa bustani, kama walivyofanya vijana wa rika lake. Ndani ya kibanda hicho cha Kikuyu alikusanya mayai ya ndege, mafuvu ya wanyama na vitu vingine vya porini. Pasipo kutumia neno hilo, kijana huyo alikuwa amejenga makumbusho yake ya kwanza. Yalikuwa makumbusho yasiyo na kabati la kioo. Kila kilichokuwamo kilikuwa kimeshikwa, kimegeuzwa na kunuswa kabla ya kuwekwa.

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili hivi, alipokea kutoka Uingereza zawadi ya kitabu cha watoto kuhusu maisha ya watu wa kale waliotumia zana za gumegume. Hakuna gumegume Kabete. Kijana alitafuta kandokando ya njia na katika kingo zilizomomonyoka, akaokota vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama chupa, yaani obsidiani. Watu wazima hawakuvitia maanani. Lakini Arthur Loveridge, aliyekuwa ameajiriwa mwaka 1914 kusimamia makumbusho madogo ya viumbe asilia mjini Nairobi, alivitazama na kuthibitisha kwamba baadhi yavyo vilikuwa zana zilizochongwa na binadamu. Alimhimiza aweke kumbukumbu ya kila alichookota.

Tukio hilo dogo lina uzito mkubwa kuliko linavyoonekana. Mtoto alifika makumbusho akiwa na kitu mkononi na swali kichwani, na mwenye makumbusho akamjibu swali lake badala ya kumwonyesha kitu kingine. Ndiyo siri ya onyesho lolote shirikishi, liwe la mbao, la jiwe au la tarakilishi: huanza na udadisi wa mgeni. Hata hivyo, haifai kusahaulika kwamba mtoto huyo alikuwa Mzungu. Rika lake la Kikuyu, lililojua vichaka hivyohivyo na pengine kuzidi yeye, halikuwa na mlango kama huo wa kubisha.

Lugha na elimu

Mwaka 1919, baada ya vita vikuu vya kwanza, familia ilirudi Uingereza. Louis alisoma Weymouth na mwaka 1922 akajiunga na Chuo cha St John's, Cambridge. Huko ndiko kulikotokea kisa ambacho wanafunzi wa lugha za Kiafrika wana haki ya kukifurahia. Kanuni za chuo zilimtaka mwanafunzi ajue lugha mbili za kisasa. Leakey aliandikisha Kifaransa na Kikuyu. Wakuu wa chuo walipotaka ushahidi wa umahiri wake, cheti kilipatikana kutoka kwa Chifu Koinange, kikiwa na alama ya kidole gumba badala ya sahihi. Chuo kililazimika kukubali kwamba Kikuyu ni lugha kama lugha nyingine, na kwamba mjuzi wake hakuwa profesa wa Ulaya bali mzee wa Kiambu.

Mwaka 1923 aliumia kichwani akicheza raga, akashauriwa apumzike masomoni. Mapumziko hayo aliyatumia Tendaguru, kusini mwa Tanganyika, mwaka 1924, katika msafara wa Makumbusho ya Uingereza uliotafuta mifupa ya dinosau chini ya William Cutler. Leakey alipewa kazi hiyo kwa sababu aliijua Afrika na lugha zake. Alirudi Cambridge, na mwaka 1926 akahitimu kwa daraja la kwanza katika anthropolojia na akiolojia. Mwaka huohuo aliongoza msafara wake wa kwanza wa akiolojia Afrika Mashariki. Baadhi ya waliofanya kazi naye walitoka Kabete alikokulia. Miongoni mwao alikuwa Heselon Mukiri, aliyekuja kuwa mmoja wa watafutaji hodari wa visukuku katika eneo hili.

Kigingi kilichong'olewa

Maisha ya Leakey hayakuwa ya ushindi mtupu. Mwaka 1932, huko Kanam karibu na Ziwa Viktoria, Juma Gitau, mmoja wa wafanyakazi wake, alipata kipande cha taya. Leakey alitangaza kwamba taya hilo lilikuwa la binadamu wa kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell aliposafiri hadi huko ili ahakikishe, Leakey hakuweza kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyokuwa amevipigilia kama alama vilikuwa vimeng'olewa, na picha iliyodaiwa kuwa ya mahali hapo ilikuwa ya mahali pengine. Mwaka 1935 Boswell alichapisha ukosoaji wake katika jarida la Nature, na sifa ya Leakey ikapata jeraha lililochukua miaka mingi kupona. Isitoshe, mwaka 1936 ndoa yake na Frida Avern ilivunjika, akamwoa Mary Nicol, mchoraji na mwanaakiolojia ambaye umakini wake katika kuandika kumbukumbu za machimbo ulikuja kuwa nguzo ya kazi yao yote.

Funzo la Kanam ni kwamba kitu kisicho na anwani hupoteza thamani ya kisayansi. Taya halikubadilika baada ya Boswell kulikosoa. Kilichopotea ni uhusiano wake na ardhi lilikotoka. Wabunifu wa maonyesho ya kidijitali hukabiliana na hatari hiyohiyo kila wanapotia kitu katika tarakilishi. Umbo la pande tatu linaweza kuzungushwa na kupendeza, lakini lisipoambatana na jina la mahali, tabaka la udongo, tarehe na jina la aliyekipata kitu, huwa pambo tu. Kigingi cha chuma kiling'oka Kanam. Kigingi cha data nacho hung'oka iwapo mbunifu ataona maelezo hayo ni mzigo.

Kati ya mwaka 1937 na 1939 Leakey alijitosa katika kazi nyingine: kuandika kwa ukamilifu utamaduni wa Wakikuyu wa kusini kabla ya mwaka 1903. Alikaa na wazee, akaandika juu ya ardhi, ndoa, mimea, sheria na ibada. Muswada ulikuwa mkubwa kiasi kwamba wachapishaji walitaka upunguzwe, naye akakataa. Ulichapishwa London mwaka 1977, kwa Kiingereza na katika majuzuu matatu, miaka mitano baada ya kifo chake. Hazina ya wazee wa Kiambu ilikaa gizani kwa takriban miaka arobaini, na ilipotoka haikutoka kwa lugha ya walioitoa. Mtu aliyejua namna ya kumfanya mgeni aelewe jiwe moja alishindwa kuchagua kurasa chache miongoni mwa maelfu. Kubuni onyesho ni kuchagua, na asiyechagua huishia kufungia alichonacho.

Milango ya Coryndon

Makumbusho ya Nairobi yalianzishwa mwaka 1910 na chama cha wapenzi wa viumbe asilia, wengi wao wakiwa walowezi na maafisa wa serikali. Baada ya kuhamahama, yalipata jengo lake la kudumu juu ya kilima na kufunguliwa mwaka 1930 kwa jina la Makumbusho ya Coryndon, kwa heshima ya Robert Coryndon, gavana aliyefariki mwaka 1925. Leakey alipewa usimamizi wa heshima mwaka 1941, na mwaka 1945 akawa msimamizi wa kulipwa. Mshahara ulikuwa mdogo. Kazi ilikuwa kubwa.

Mchango wake wa kwanza ulikuwa mlango. Chini yake makumbusho yalifunguliwa kwa watu wa rangi zote, na kiingilio kikapunguzwa ili Waafrika na Waasia waweze kuingia. Ni vyema kukumbuka Nairobi ya wakati huo ilikuwaje. Mwafrika mwanamume alitembea na kipande. Mitaa iligawanywa kwa rangi, na hoteli, shule na hospitali vilifuata mgawanyo huo. Katika mji wa namna hiyo, chumba ambamo mfanyakazi wa reli, dukawala wa Kihindi na mke wa mlowezi walisimama mbele ya ndege mmoja aliyekaushwa hakikuwa jambo dogo. Fauka ya hayo, Leakey alichangisha fedha kwa umma ili kupanua kumbi za maonyesho, na sehemu kubwa ya kumbi za upande wa kulia wa lango kuu ilitokana na juhudi hizo.

Mchango wake wa pili ulikuwa kulitoa onyesho nje ya jengo. Mwaka 1942 yeye na Mary walikuta Olorgesailie, kando ya njia iendayo Magadi, mashoka ya mawe yaliyotapakaa kwa mamia juu ya ardhi, yenye umri wa mamia ya maelfu ya miaka. Desturi ya wakati huo ilikuwa kuyakusanya yote, kuyapakia masandukuni na kuyapanga kabatini. Wao walifanya kinyume. Mashoka mengi yaliachwa palepale yalipokutwa, vikajengwa vijia vya mbao vilivyoinuliwa juu yake, na mwaka 1947 eneo hilo likawa makumbusho ya wazi. Mgeni hakuambiwa kwamba watu wa kale walitengeneza zana nyingi. Alitembea juu ya wingi wenyewe. Mwaka huohuo, mwezi Januari, Leakey aliandaa Nairobi kongamano la kwanza la Afrika nzima kuhusu historia ya kale, na wajumbe wakapelekwa kuyaona machimbo kwa macho yao.

Mchango wa tatu ulikuwa mikono yake mwenyewe. Leakey alijifunza kuchonga zana za mawe kama walivyochonga watu wa kale, na mbele ya watazamaji aliweza kupasua jiwe, kupata makali kwa dakika chache, kisha kuyatumia kumchuna mnyama. Alipenda pia michezo ya kufuma maumbo kwa uzi vidoleni. Watazamaji walioondoka hapo walikuwa wameiona kazi ya shoka la jiwe kwa macho, wakasikia mlio wake na kuona ngozi ikiachana na nyama. Maandishi ya kibandiko hayafikii hapo. Miaka mingi kabla ya kioo cha kugusa, msimamizi huyu alikuwa amekwisha kung'amua kwamba onyesho linalokaa kichwani ni lile lenye kitendo, tokeo na swali linalofuata.

Hali ya Hatari

Hapa ndipo maisha ya Leakey yanapokuwa magumu kuyasimulia kwa sifa tupu. Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari dhidi ya vuguvugu la Mau Mau. Leakey, aliyejiona Mkikuyu wa rika, aliitumikia serikali kwa maarifa yake ya lugha na mila. Aliandika vitabu viwili kuhusu Mau Mau, kimoja mwaka 1952 na kingine mwaka 1954. Katika kesi ya Kapenguria ya Jomo Kenyatta na wenzake watano aliteuliwa kuwa mkalimani wa mahakama. Mawakili wa utetezi walimtuhumu kwa upendeleo katika tafsiri zake, na hatimaye akajiondoa. Mwaka 1954 binamu yake, Gray Leakey, aliuawa na wapiganaji wa Mau Mau. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, msako mkubwa uliozingira Nairobi uliwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kambini. Mlango wa makumbusho ulikuwa wazi, lakini milango ya mji ilikuwa imefungwa, na lugha aliyojifunza mtoto katika kibanda cha Kabete ilikuwa imegeuzwa kuwa silaha.

Kwa wanafunzi wa lugha, sehemu hii ya maisha yake ndiyo yenye kudai tafakuri kubwa zaidi. Kujua lugha ya watu si sawa na kusimama upande wao. Vivyo hivyo, kukusanya utamaduni wa watu si sawa na kuwapa nafasi ya kuusimulia wenyewe. Leakey alitetea haki ya Wakikuyu juu ya ardhi waliyonyang'anywa, na wakati huohuo akawasaidia walioimiliki ardhi hiyo kushinda vita. Mizani ya haki inayabeba yote mawili, na msomaji mwadilifu hapaswi kuondoa moja ili kupunguza uzito wa jingine.

Olduvai na miaka ya mwisho

Tarehe 17 Julai 1959, Louis akiwa mgonjwa kambini, Mary aliona huko Olduvai, Tanganyika, fuvu ambalo lilipewa jina la Zinjanthropus. Vipimo vilivyotangazwa mwaka 1961 vilionyesha umri wa takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1964, Louis na wenzake walitangaza jina la Homo habilis, yaani mtu stadi wa mikono. Sifa iliyopotea Kanam ilirudi maradufu. Mwaka 1961 aliacha usimamizi wa Coryndon na kuanzisha kituo cha utafiti wa historia ya kale palepale kilimani. Mwaka huo pia ulifunguliwa uga wa nyoka kando ya makumbusho, ambako wanafunzi wengi wa Nairobi walimwona nyoka hai kwa mara ya kwanza bila kukimbia. Baada ya uhuru, mwaka 1964, jina la Coryndon liliondolewa, yakawa Makumbusho ya Kitaifa.

Leakey alikuwa na jicho la kutambua vipawa. Jane Goodall alifika kwake mwaka 1957, akafanya kazi kama katibu wake, na mwaka 1960 akatumwa Gombe kuchunguza sokwe. Kamoya Kimeu alianza kama kibarua Olduvai mwaka 1960. Mwaka 1984 ndiye aliyeona kipande cha kwanza cha mifupa ya Kijana wa Turkana, ambayo ni miongoni mwa fahari za Makumbusho ya Kitaifa. Hata hivyo, kwa muda mrefu majina kama Heselon Mukiri, Juma Gitau na Kamoya Kimeu yalisomwa na wataalamu tu, ilhali jina la Leakey lilisomwa na ulimwengu.

Miaka yake ya mwisho alisafiri sana Marekani kutoa mihadhara na kutafuta fedha. Huko California aliunga mkono machimbo ya Calico, akiamini kwamba yalithibitisha uwepo wa binadamu wa kale sana katika bara hilo. Wataalamu wengi, Mary akiwamo, hawakukubaliana naye. Katika jimbo hilohilo la California, mwaka 1969, mwanafizikia Frank Oppenheimer alifungua San Francisco makumbusho ya Exploratorium, ambayo yalikuja kuwa mfano ulimwenguni wa maonyesho ambayo mgeni huyaendesha kwa mikono yake. Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972 akiwa na umri wa miaka 69, akazikwa Limuru karibu na wazazi wake.

Urithi katika kioo cha tarakilishi

Makumbusho ya Kitaifa yalifungwa kwa ukarabati uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, yakafunguliwa upya mwaka 2008. Nje yake ipo sanamu ya Leakey akiwa ameketi. Katika miaka ya 2010, mjukuu wake, Louise Leakey, alishirikiana na wenzake kuweka katika mtandao wa intaneti maumbo ya pande tatu ya visukuku vya Afrika Mashariki. Mtu yeyote mwenye tarakilishi anaweza kuligeuza fuvu, kulikuza, kulilinganisha na jingine, na hata kulipakua na kulichapisha kwa mashine. Mwaka 2019, Makumbusho ya Kitaifa yaliweka mtandaoni, kwa ushirikiano na kampuni ya Google, maelfu ya picha na masimulizi ya jamii za Kenya.

Kazi hii hufanywa kwa njia inayoeleweka. Kitu hupigwa picha nyingi kutoka kila upande, programu hutafuta alama zinazofanana kati ya picha na picha, kisha hujenga umbo kwa pembetatu ndogondogo zilizounganishwa. Simu yenye kamera nzuri inaweza kuanzisha kazi hiyo. Kwa hivyo ule mlango ambao rika la Kabete halikuwa nao sasa una njia ya kufunguka. Kijana wa Kawangware anayeokota jiwe lenye makali mtaroni anaweza kulipiga picha na kulipeleka kwa mtaalamu bila kuliondoa katika mtaa wake. Mwanafunzi wa Kibera anaweza kushika mkononi nakala ya fuvu ambalo lenyewe limefungiwa katika chumba salama.

Lakini teknolojia haifungui mlango kwa uwezo wake yenyewe. Maisha ya Leakey yanawaachia wabunifu maswali manne yasiyokwepeka. La kwanza ni la kitendo: je, onyesho linampa mgeni jambo la kufanya ambalo tokeo lake linamfundisha, au linampa kitufe tu? Mwanafunzi anayeulizwa aamue ni wapi apige jiwe ili lipasuke, akakosea na kujaribu tena, hujifunza zaidi ya yule anayegusa picha ili ikue. La pili ni la anwani: je, umbo limebeba mahali lilipotoka, tarehe na shaka ya wataalamu pale wanapotofautiana? La tatu ni la majina: je, Juma Gitau ametajwa pale taya la Kanam linapotajwa? La nne, ambalo linawahusu moja kwa moja wasomaji wa Kiswahili, ni la lugha.

Swali hilo la nne halijibiwi kwa kutafsiri maneno ya vitufe peke yake. Msamiati wa visukuku, tabaka, uchongaji na mageuko unahitaji kusanifiwa na kujaribiwa mbele ya watoto wanaocheka neno wasilolielewa. Kibera kuna Kinubi, Kiluhya, Kijaluo, Kikamba na lugha nyingine nyingi, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha wazungumzaji wake. Onyesho linalozungumza Kiingereza peke yake humwacha mwanafunzi kama huyo mlangoni hata akiwa ameshaingia. Hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuwa wabunifu wa maonyesho tangu siku ya kwanza ya kazi. Wakiitwa mwishoni kusahihisha tahajia, watakuwa wameitwa wakiwa wamechelewa.

Hitimisho

Louis Leakey alikuwa mtu mwenye kipawa, haraka na kani. Aliwafungulia Waafrika mlango wa jengo, lakini hakuwafungulia ule wa kusimulia. Aliyaacha mashoka ya Olorgesailie mahali pake ili yazungumze, ilhali maneno ya wazee wa Kiambu aliyabeba hadi lugha nyingine, nayo yakanyamaza kwa miongo minne. Thamani ya kumsoma leo imo katika pengo kati ya matendo hayo mawili. Kioo cha tarakilishi kinaweza kuliziba pengo hilo au kulipanua. Kitaliziba iwapo watoto wa mitaa iliyo kati ya Kabete na kilima cha makumbusho watayapata maonyesho kwa lugha yao na kwa bei wanayoimudu, na iwapo wao wenyewe watayatia vitu na majina yao.